Haki ya Mtoto Mwenye Ulemavu katika Mchezo wa Wenziwe

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu Mtukufu, aliyewaumba waja Wake kwa sura mbali mbali na nguvu mbali mbali, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake, na Masahaba zake, na kila mwenye kuwafuata kwa wema. Ama baada ya hayo:

Miongoni mwa mambo yanayowashughulisha wazee wengi, na ambayo aghlabu hayafikishwi mbele ya wanavyuoni kwa kudhaniwa kuwa ni madogo, ni jambo la mtoto mwenye ulemavu anapopelekwa raudha, yaani skuli ya watoto wadogo wasiofikia umri wa darasa la kwanza. Na ichukuliwe mfano mtoto wa miaka minne, katika jamaa za watu waliorejea Maskati kutoka Zanzibar, aliyezaliwa na mtindio wa ubongo. Miguu yake haimchukui, na maneno yake hayafahamiki ila kwa mwenye kumzoea. Mtoto huyo amepokewa raudha kwa uso mkunjufu. Kila asubuhi hutiwa katika kiti chake cha magurudumu, akawekwa mahali pazuri karibu na dirisha, na mbele yake pakapangwa vitu vya kuchezea vilivyo ghali kuliko vya wenziwe. Watoto wakipita humbusu kichwani, kwani wamefunzwa kumhurumia, kisha huenda zao kucheza. Mwaka ukimalizika wazee wake huulizwa kama mtoto wao ameonewa, nao hawaoni la kusema. Hakupigwa, hakutukanwa, hakunyimwa chakula. Lakini mwaka mzima umepita na hakuna mtoto hata mmoja aliyecheza naye.

Mas-ala yenyewe basi ni haya: je, hapo pana dhulma, au pana upungufu wa hisani tu? Na tofauti baina ya mawili haya si ndogo. Hisani mtu akiitenda hulipwa, na akiiacha hadaiwi. Ama haki, mwenye kuizuia ni mwenye deni, hata kama ameizuia kwa upole na tabasamu. Ikiwa nafasi ya mtoto huyu katika mchezo wa wenziwe ni hisani, basi wazee wake washukuru kwa kile walichopewa na wanyamaze. Na ikiwa ni haki yake, basi busu la kichwani halilipi deni.

Atasema msemaji kuwa mchezo ni upuuzi, na kwamba haki haipatikani katika upuuzi. Maneno haya huenda yakasadikika kwa mtu mzima aliyeacha kazi yake na Sala yake akakaa na karata. Ama kwa mtoto, mchezo ndiyo kazi yake. Imethibiti katika hadithi kuwa Mtume (S.A.W.) aliwapitia watoto wakicheza, akawatolea salamu, wala hakuwakemea. Imethibiti pia kuwa mmoja wa wajukuu zake alimpanda mgongoni naye yumo katika sijda, akairefusha sijda ile mpaka Masahaba wakadhani kuwa limezuka jambo. Na nduguye mdogo Anas bin Malik, aliyeitwa Abu Umayr, alikuwa na kijidege alichokuwa akikichezea. Kilipokufa, Mtume (S.A.W.) alimkuta ana huzuni, naye akamsemeza kwa upole kuhusu kidege chake, kama mtu amsemezavyo mwenziwe aliyefikwa na msiba. Mwanachuoni wa Kishafii, Ibn al-Qass, aliandika kijitabu kizima juu ya hadithi hiyo moja, akatoa ndani yake mafunzo sitini. Jambo ambalo maulamaa wamelipa hadhi ya namna hiyo halifai kuitwa upuuzi na mzee ambaye amechoka tu kusikia kelele za watoto.

Na mwenye kutaka kujua uzito wa mchezo kwa mtoto, na autazame uzito wa baraza kwa mtu mzima. Mtu akiwa na nyumba na chakula na nguo, lakini haitwi barazani, haarifiwi arusi, wala hakuna abishaye hodi kwake siku ya Idi, mtu huyo anajua kuwa ametengwa, na hapana haja ya kuandikiwa barua. Mchezo ndio baraza ya watoto. Humo hujifunza kungoja zamu, na kushindwa bila ya kuangua kilio, na kugombana kisha wakapatana kabla ya adhuhuri. Humo maneno yao huongezeka, kwani mtoto hujifunza kusema kwa kuwa ana jambo analitaka kwa mwenziwe. Yule aliyewekwa dirishani amefungiwa milango hiyo yote kwa pamoja, kisha wakubwa hustaajabu kuwa hasemi.

Lililo zito zaidi ni kuwa mtengo wa namna hii mara nyingi hautoki katika ubaya wa moyo. Aya ya 61 ya Surat an-Nur imeondoa lawama juu ya kipofu, na kiwete, na mgonjwa, na watu wengine, katika jambo la kula majumbani, kwa pamoja au mbali mbali. Wafasiri wametaja sababu zaidi ya moja ya kuteremka kwake, na miongoni mwa walizozitaja ni kuwa watu wa Madina walikuwa wakijizuia kula pamoja na watu hao kwa kuogopa kuwadhulumu. Walisema: kipofu haoni chakula kilicho kizuri, na huenda mwenye macho akakitangulia, na kiwete hapati pa kukaa palipo na msongamano, na mgonjwa hali kwa kasi ya mwenye afya. Basi kwa ucha Mungu wao wakawatenga na sinia. Na imesemwa vile vile kuwa wenye ulemavu wenyewe ndio waliojitenga, kwa kuona haya wasije wakawakirihisha wenziwao. Kwa riwaya zote mbili hapana aliyemchukia mwenziwe. Kila mmoja alikuwa akimchunga mwengine, na matokeo yake ni kuwa sinia ilibaki na wazima peke yao. Aya ikaja ikavunja uzito huo, wala haikusema wale mbali ili wasalimike.

Mwalimu wa raudha asemaye: «Tusimsumbue mtoto huyu, wenziwe wana vurugu,» amesema walichokisema watu wa Madina kabla ya aya hiyo. Nia yake ni njema, na inawezekana kuwa ana malipo kwa nia yake. Lakini nia njema haigeuzi mtengo ukawa si mtengo.

Hapa panahitaji kupambanuliwa jambo ambalo wengi hulichanganya. Sharia imempa mwenye ulemavu rukhsa nyingi: hana lawama akikosa vitani, kama ilivyo katika aya ya 17 ya Surat al-Fath, na asiyeweza kusimama husali kwa kukaa, na asiyeweza kukaa husali kwa kulala ubavu. Maana ya rukhsa ni kuwa ameondolewa taabu, si kuwa ameondolewa mahali pake. Anayesali kwa kukaa yumo katika safu, na imamu wake ni imamu wa wote. Lau ingekuwa rukhsa ni kutolewa safuni, ingekuwa ni adhabu iliyovishwa nguo ya huruma. Na mtoto asiyeweza kukimbia ana rukhsa ya kutokimbia katika mchezo. Hana rukhsa ya kutokuwamo mchezoni, wala hapana mwenye mamlaka ya kumpa rukhsa hiyo asiyoiomba.

Wapo wazee wasemao kuwa mtoto wao hatambui. Yeye hucheka tu, na hajui kama ameachwa. Jawabu ya hayo imo katika Surat Abasa. Mtume (S.A.W.) alikuwa akizungumza na wakubwa wa Makureshi akitaraji kusilimu kwao, akaja Abdullah Ibn Umm Maktum, naye ni kipofu, akitaka kufunzwa, Mtume akakunja uso na kugeuka. Zikateremka aya za kumuonya, zinasomwa mpaka Siku ya Kiyama. Na kipofu hakuuona ule uso uliokunjwa. Lawama basi haikungoja aliyekunjiwa uso atambue, wala alalamike. Na kwa hakika, mwenye kukaa na watoto hawa hujua kuwa kusema kuwa hawatambui ni dai lisilo na ushahidi. Mtoto asiyeweza kutamka hutambua vyema mlango ukifungwa na wenziwe wakitoka uani bila ya yeye.

Huyo Ibn Umm Maktum ana kisa chengine chenye faida kubwa kwa walimu na wazee. Katika Madina palikuwa na adhana mbili za alfajiri: Bilal akiadhini usiku bado, watu wakiendelea kula daku, na Ibn Umm Maktum akiadhini kwa kuingia alfajiri yenyewe, na hapo watu hujizuia. Kipofu ndiye aliyepewa wakati ambao haujulikani ila kwa kuutazama mbingu! Naye hakuwa akiadhini mpaka aambiwe kuwa kumekucha. Na mwenye akili na azingatie mpango huu. Masahaba hawakumwambia akae, watamfanyia. Wala hawakumwacha peke yake na kazi asiyoiweza. Walimpa kile kimoja alichokipungukiwa, nacho ni habari ya mwangaza, na yaliyobakia yote wakamwachia mwenyewe: sauti ni yake, mahali ni pake, na saumu ya mji mzima ilikuwa ikingojea kinywa chake. Na mara zaidi ya moja Mtume (S.A.W.) alipotoka Madina alimwacha yeye kuwasalisha watu.

Kipimo hiki ndicho kinachofaa raudha: mtoto apewe alichopungukiwa, wala asinyang'anywe kilichobaki. Na walimu wa zama hizi wanayo maarifa mengi katika mlango huu, nayo yachukuliwe, kwani hekima humfaa aliyeipata popote alipoipata. Mwaka 1932 mtafiti wa Kimarekani, Mildred Parten, alieleza jinsi watoto wadogo wanavyocheza. Yuko anayetazama tu wengine. Yuko achezaye peke yake. Wako wachezao ubavu kwa ubavu, kila mmoja na chake, mikono yao ikifanana bila ya kushirikiana. Na wako wachezao kwa pamoja kwa kupeana na kugawana kazi. Mtoto mwenye ulemavu mara nyingi huachwa katika daraja ya kutazama, na wakubwa hudhani kuwa kwa vile yumo chumbani basi amekwisha changanyika. Kuwamo chumbani si kuwamo mchezoni, kama ambavyo kupita mbele ya msikiti si kusali.

Ngazi ya kwanza ni kumtoa katika kutazama na kumweka ubavuni. Hili halihitaji vitu vya ghali. Bali vitu vya ghali ndivyo vinavyomtenga, kwani hakuna mwenziwe aliye navyo. Apewe kile kile walicho nacho wengine, mchanga kwa mchanga, kikombe kwa kikombe. Ikiwa mwili wake unaruhusu, kwa ushauri wa tabibu wake, ashushwe kitini akae chini penye mkeka, ameegemezwa mto, ili macho yake yawe sawa na macho yao. Na ikiwa hauruhusu, basi mchezo ndio upandishwe, uwekwe juu ya meza ya kimo cha kiti chake. Kundi liwe dogo, la watoto wawili au watatu, kwani katika kundi la kumi na tano mwenye mwendo wa polepole hupotea. Na mchezo urudiwe ule ule siku baada ya siku, mpaka aujue na awe na hamu nao kabla ya kuanza.

Kisha wafunzwe wenziwe, na watoto wa miaka minne ni wepesi kufundishika kuliko wazee wao. Wafunzwe kumwita kwa jina lake, na kumngojea. Kungojea ndiyo elimu ngumu, maana mtoto mwenye mtindio wa ubongo huenda jawabu yake ikachelewa kwa muda ambao mwengine ameshauliza mara tatu na kuondoka. Wafunzwe kumwonyesha vitu viwili ili achague kwa jicho au kwa mkono. Akiwa ni kiziwi, wamguse bega na wamwelekee uso, na ishara chache wazijue darasa zima, si mwalimu peke yake. Wao wenyewe watazipenda, kwani ni kama siri baina yao. Akiwa ni kipofu, kila ajaye kwake ataje jina lake, wala wasihamishe kitu pahala pake bila ya kumwambia. Na ikiwa ni mtoto mwenye usonji, ambaye hupenda kupanga vigari vyake kwa mstari na hukasirika mstari ukivunjwa, asiingiliwe kwa kuvunjiwa. Mwenziwe na amletee kigari kimoja cha kuongeza mwishoni, kisha chengine kesho yake. Hapo mchezo umeanza, ijapokuwa hapana neno lililosemwa.

Jambo linaloharibu mengi katika nyumba za Ghuba ni msaidizi asiyebanduka. Wazee wenye uwezo humwajiri yaya akae na mtoto raudha kutwa nzima, na yaya kwa uaminifu wake hukaa baina ya mtoto na watoto wengine kama ukuta. Akiulizwa mtoto, hujibu yeye. Mpira ukija, huudaka yeye. Na watoto hawana ada ya kumkaribia mwenzao aliyezungukwa na mtu mzima. Msaidizi mwema hukaa nyuma kwa hatua mbili, huingia mkono wake unapohitajika, kisha huutoa. Mwalimu akimwona yaya anacheza na mtoto vizuri sana, na ajiulize ni mtoto gani ambaye yaya huyo amechukua nafasi yake.

Na jengine ambalo wachache hulitambua: katika mchezo wa nyumba, watoto wakigawana, huyu baba, huyu mama, huyu mwenye duka, mwenye ulemavu hupewa kuwa mtoto mchanga. Hulazwa, hulishwa, huimbiwa. Mara ya kwanza ni furaha. Lakini akiwa yeye ni mtoto mchanga Jumapili na Jumatatu na mwezi ujao, wenziwe wamekwisha mhukumu. Mwalimu asiukemee mchezo, bali augeuze kidogo kutoka ndani: aseme duka halina mwenyewe, na mwenye duka hukaa kitini, naye ndiye apokeaye fedha, na hakuna atokaye na kitu mpaka mwenye duka atikise kichwa. Hapo watoto wote watamwendea yeye, kwa haja yao.

Bibi mmoja wa Kiswahili huenda akafanya hayo bila ya kusoma popote. Ukuti ukuti huchezwa kwa duara, watoto wameshikana mikono, wakizunguka kisha wakishuka chini pamoja. Ubaya wa duara ni kuwa akitoka mmoja, mikono miwili ya jirani zake hushikana, na pengo halionekani tena. Mwenye kiti cha magurudumu akiingizwa ndani yake, jirani zake hawana budi kushika mkono wake au kiti chake, na mwendo wa duara huwa ni mwendo wake. Watashuka taratibu zaidi. Hilo haliuharibu mchezo. Watoto wenyewe hubadili kanuni za michezo mara kumi kwa siku bila ya kuomba fatwa.

Inabakia habari ya ulimi. Watoto huuliza, na sauti zao ni kubwa: «Kwa nini mguu wake uko vile?» Mama kwa kuona haya humziba mtoto mdomo na kumvuta mkono. Mtoto hujifunza hapo hapo kuwa mguu ule ni aibu isiyotajwa, na mwenye mguu ni wa kukimbiwa. Lililo bora ni kumjibu kwa maneno machache ya kweli: «Alizaliwa hivyo, mguu wake hauna nguvu, muulize anapenda kucheza nini.» Ama majina, hapo pana kosa la kale katika mila za Waswahili. Watu wameitwa Kiwete, na Bubu, na Chongo, mpaka majina yao waliyopewa na wazazi yakasahauliwa, na ikasemwa kuwa ni mzaha na mapenzi. Aya ya 11 ya Surat al-Hujurat imekataza kudharauliana, na imekataza kubandikana majina ya kukirihisha. Wala haikusema kuwa katazo huondoka pindi wenye kuita wakicheka. Mtoto husikia jina nyumbani na hulipeleka raudha siku ya pili.

Na wazee wa mwenye ulemavu nao wana deni lao. Wako wanaomficha mtoto, baadhi yao kwa kuogopa jicho, na baadhi yao kwa kuogopa kuwa dada zake hawatachumbiwa. Wageni wakija, hupelekwa chumba cha nyuma. Mtoto aliyefichwa kwa jamaa zake mwenyewe, ambao ndio wa kwanza kumcheza, itakuwaje wadaiwe watu wa mbali kumpokea? Wako pia walioambiwa wamwachishe mtoto lugha ya nyumbani, ati Kiswahili cha bibi na Kiarabu cha raudha vitamchanganya. Watafiti waliowachunguza watoto wenye ulemavu wa aina kadhaa hawakuona kuwa lugha ya pili huwazidishia udhaifu. Na hasara ya kumnyima lugha ya bibi yake na watoto wa mjomba wake iko wazi: siku ya Ijumaa, ukoo ukikusanyika, atakuwa hana baraza hata nyumbani kwao.

Watu hao na wakumbuke aliyekuwa taa ya Oman katika zama zake, Sheikh Nuruddin Abdullah bin Humayd as-Salimi. Alipofuka macho akiwa mtoto, umri wake kiasi cha miaka 12. Lau wazee wake wangesema kuwa kipofu hana haja ya chuo, na kumketisha kivulini kwa huruma, umma ungekosa Tuhfat al-Aayan na Jawhar an-Nidham, na wasingesomeshwa waliosomeshwa naye, ambao miongoni mwao ni Imamu Salim bin Rashid al-Kharusi aliyepewa Uimamu mwaka 1913. Aliketi darasani Rustaq pamoja na wenye macho. Walimsomea, akahifadhi, akaimlisha, wakaandika. Wala isidhaniwe kuwa hoja hapa ni kuwa kila mtoto mwenye ulemavu atakuwa mwanachuoni. Wengi hawatakuwa, kama ambavyo wengi wa wazima hawawi. Haki ya mtoto wa dirishani haitegemei atakuja kuwa nani.

Serikali nazo zimeyakubali mengi katika haya kwa maandishi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 umetaja mtoto mwenye ulemavu katika kifungu cha 23 na mchezo katika kifungu cha 31, na Oman ilijiunga nao mwaka 1996. Kisha ukafuata mkataba wa haki za watu wenye ulemavu wa mwaka 2006, nao Oman iliuridhia mwaka 2009. Mzazi anayekataliwa mlangoni mwa raudha anafaa kuyajua haya. Lakini mkataba hufika mlangoni tu. Hauwezi kumfanya mtoto asogee nusu shubiri amwachie mwenziwe nafasi mkekani.

Na hapo ndipo penye uzito wa mwisho wa mas-ala haya. Je, mtoto mzima alazimishwe kucheza na asiyemtaka? Mtoto hajafikia kukalifishwa, kwa hivyo hana dhambi kwa kumwacha mwenziwe. Wala urafiki haupatikani kwa amri, na mtoto aliyesukumwa kucheza hurudi na chuki aliyokuwa hana. Asilazimishwe, basi. Lakini deni halikuanguka kwa kuwa mtoto hadaiwi. Limehamia kwa msimamizi wake, kama ambavyo mali ya mtoto ikiharibu mali ya mtu, hutazamwa aliyekuwa na mamlaka juu yake. Mwalimu na wazazi ndio walioipanga meza, na kuchagua dirisha, na kumweka yaya, na kuigawa saa. Hawawezi kuuamuru moyo wa mtoto mwengine, na hawataulizwa juu ya huo. Wanaweza kuisogeza meza, na juu ya hiyo wataulizwa. Na pakiwa na mtoto ambaye hupiga na kuuma wenziwe kwa hali yake, haki ya wenziwe ya kusalimika nayo haiachwi. Atolewe pembeni kwa kiasi cha kutulia, pamoja na mtu anayemjua, kisha arudishwe siku hiyo hiyo kama inawezekana, kwa mchezo mfupi zaidi na kwa mwenzake mmoja. Ama kuondolewa moja kwa moja kabla ya kujaribiwa njia hizo na nyenginezo, na kabla ya kutazamwa ni nini kinachomwasha ghadhabu, ikiwa ni kelele, au njaa, au kukosa maneno ya kusema kuwa amechoka, hukumu hiyo imetolewa kabla ya kusikilizwa mshitakiwa. Na Mwenyezi Mungu ndiye Ajuaye zaidi.